Robo Saa Bila Kukosea

Katika studio za Sydney miaka ya 1930 na 1940, mwigizaji aliyeteleza ulimi kwenye dakika ya kumi na mbili aliwarudisha wenzake wote mwanzo. Hapakuwa na mkasi wa kuondoa kosa wala utepe wa kuunga upya. Sauti iliingia kwenye kipaza sauti, ikapita kwenye waya hadi chumba cha pili, na huko sindano ilikuwa ikiichimba papo hapo kwenye sahani inayozunguka. Kilichochimbwa kimechimbwa. Mchezo wa redio wa robo saa uliigizwa kwa robo saa mfululizo, watu watano sita wamesimama kukizunguka kipaza sauti kimoja, na pembeni yao fundi wa milio na vitu vyake: viatu vikuukuu, mlango mdogo usio na nyumba, vifuu vya nazi.

Historia ya redio za biashara za Australia mara nyingi husimuliwa kwa majina ya wenye mali, tarehe za leseni na mabadiliko ya sheria. Hayo yana mahali pake, na machache nitayataja. Lakini mimi nikizisikiliza rekodi zilizobaki za enzi ile, ninachokisikia ni kazi ya mikono na makoo, kazi iliyofanywa na watu waliotakiwa kupatia mara moja, wote kwa pamoja, na kesho yake asubuhi kuanza tena. Napenda kuikalia kazi hiyo.

Tuanze na sahani. Huko Homebush, magharibi ya Sydney, kampuni ya Columbia ilikuwa na kiwanda cha santuri tangu miaka ya 1920. Katika njia ya zamani, sauti ilirekodiwa kwenye bamba nene la nta. Bamba lilisuguliwa hadi likawa laini bila doa, kisha likapashwa joto kidogo, kwa kuwa nta ya baridi humeguka badala ya kukatika. Sindano yenye ncha ya yakuti ilishushwa taratibu ikaanza kuchora mfereji mwembamba, na uzi wa nta iliyokatwa ukawa unafyonzwa ili usiizonge ncha. Fundi aliukagua mfereji kwa hadubini. Mwigizaji akifoka kupita kiasi, mfereji uliyumba hata kuubomoa ukuta unaoutenga na mwenzake; akinong'ona mno, maneno yake yalizama katika mkwaruzo wa santuri yenyewe. Kwa hiyo hasira ilibidi iigizwe kwa pumzi na mkazo wa maneno, si kwa ukubwa wa sauti, na siri ilibidi isemwe karibu sana na kipaza sauti, kwa sauti kamili iliyonyimwa mwangwi tu. Sanaa yote ya kuigiza redioni ilianzia kwenye unene wa huo ukuta mdogo wa nta.

Na bamba hilo halikusikilizwa. Ukilicheza mara moja, sindano inaivuruga nta na rekodi imekufa. Lilipelekwa kupakwa madini, ikatengenezwa kalibu ya chuma, na kutokana na kalibu zikapigwa santuri za kwenda vituoni. Waigizaji walivaa makoti yao wakatoka bila kusikia walichokifanya. Baadaye bamba za alumini zilizopakwa laka ziliwezesha kusikiliza palepale, ila kusahihisha bado hapana. Utepe wa sumaku ulikuja kuenea baada ya vita, kuelekea miaka ya 1950. Santuri za vipindi zilikuwa na upana wa inchi 16, zikizunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, upande mmoja ukichukua kama robo saa. Urefu wa hadithi, mahali pa kuvuta pumzi, mahali pa kumwacha msikilizaji roho juu, vyote vilipimwa kwa upana wa sahani hiyo.

Kwa nini basi redio za biashara zilikuwa na njaa kubwa ya michezo? Jibu liko katika jinsi zilivyozaliwa. Utangazaji rasmi Australia ulianza mwishoni mwa 1923 kwa mpango wa ajabu: kila redio iliyouzwa ilifungwa kwa lakiri kwenye masafa ya kituo kimoja, na mnunuzi alilipia kituo hicho tu. Cha kwanza, 2SB cha Sydney, kiliingia hewani tarehe 23 Novemba. Waliojiandikisha nchi nzima hawakufika elfu mbili, na katikati ya 1924 mpango ulibadilishwa. Vikawekwa vituo vya madaraja mawili: daraja A, vilivyolishwa na ada ya leseni za wasikilizaji, na daraja B, ambavyo havikuona hata senti ya ada hiyo, vikaachwa vijitafutie kwa kuuza matangazo.

Waliojitokeza kuvianzisha hivyo vya daraja B walikuwa watu wa kila namna. 2UE kilianza Januari 1925 nyumbani kwa Cecil Stevenson, mfanyabiashara wa vifaa vya umeme, kitongojini Maroubra. 2KY, cha mwaka huohuo, kilikuwa cha vyama vya wafanyakazi vya New South Wales, na mmoja wa waasisi wake, Emil Voigt, ni yule mwanariadha aliyeshinda dhahabu ya mbio za maili tano katika Olimpiki ya London mwaka 1908. 2GB, kilichoanza Agosti 1926, kilikuwa cha Wateosofia, na herufi zake ni za Giordano Bruno, mwanafalsafa aliyechomwa moto Roma mwaka 1600. (Tarakimu ya mbele ni ya jimbo: 2 New South Wales, 3 Victoria, 4 Queensland, na kuendelea.) Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1930 kulikuwa hata na kituo, 3YB, kilichozunguka miji ya Victoria ndani ya behewa la reli. Kilifika mji, kikasimamisha nguzo, kikakusanya matangazo ya maduka ya hapo, kikatangaza siku chache, kikang'oa nguzo kikaondoka.

Vituo hivyo vilikuwa na saa nyingi za kujaza na fedha kidogo. Santuri za muziki zilijaza saa, lakini hazikumfunga mtu. Kituo cha jirani kilikuwa na santuri zilezile. Mwenye kiwanda cha sabuni alitaka jambo moja tu kwa fedha yake: mama aliyewasha redio leo saa nne na robo aiwashe tena kesho saa nne na robo. Mchezo wa mfululizo ulimpa hilo. Ndiyo maana sioni aibu kusema kwamba ustadi ninaousifu ulinunuliwa na sabuni, dawa ya meno na ubani wa kutafuna. Wako wanaodhani tangazo huchafua kila linachokigusa. Nikitazama kazi yenyewe, naona mdhamini aliyelipia kila siku, bila kukosa, na fundi aliyepata kazi kila siku ndiye anayekuwa fundi kweli. Kipaji cha mara moja kwa mwezi kisingezaa mikono ile.

Wa kwanza kuifanya shughuli hii kuwa kiwanda hasa alikuwa George Edwards, mzaliwa wa Adelaide, aliyekulia katika maonyesho ya jukwaani na kuhamia redioni alipokuwa tayari mtu mzima. Alisifika kama mtu wa sauti nyingi. Katika onyesho moja aliweza kuwa mzee, kijana, mgeni na mtumishi, akijijibu mwenyewe bila kupumua katikati. Bila shaka iliokoa mishahara. Lakini fikiria inavyotakiwa: mzee yuko mbali kidogo na kipaza sauti, kijana yuko karibu, mzee anavuta maneno, kijana anayakata, na macho ya mwigizaji lazima yawe mistari miwili mbele ya mdomo wake, ili koo lijue linageuka kuwa nani kabla jina halijafika.

Kazi yake iliyodumu kuliko zote ni "Dad and Dave from Snake Gully", iliyoanza Sydney mwaka 1937 kwa udhamini wa Wrigley's, watengenezaji wa ubani wa kutafuna. Wahusika walitokana na visa vya mkulima maskini wa Queensland na familia yake, vilivyoandikwa na Steele Rudd, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Arthur Hoey Davis. Mchezo uliendelea hadi 1953, vipindi 2,276. Ndani yake kuna baba mkali mwenye moyo laini, kuna Dave mzito wa kuelewa, kuna Mabel anayemsubiri aelewe. Hakuna jambo kubwa linalotokea. Ng'ombe anapotea, jirani anakasirika, kunatayarishwa dansi. Huo ndio ugumu wake. Kuandika vita na mauaji kwa robo saa ni rahisi. Kuandika ng'ombe aliyepotea mara elfu mbili na ushee, na bado mtu wa mji wa mbali wa Broken Hill aache kula ili asikie kama ameonekana, hilo linahitaji mwandishi anayejua watu. Leo mjini Gundagai kuna sanamu za Dad, Mum, Dave na Mabel, watu ambao wananchi wengi waliwafahamu kwa masikio.

Sasa nimfikie fundi wa milio, kwa kuwa yeye ndiye ninayempenda kuliko wote. Kwenye mswada kumeandikwa mstari mmoja: mwanamke anawasili kwa farasi, anafungua geti, anatembea hadi barazani, anabisha. Mstari mmoja huo ni kazi ya sekunde ishirini kwa mtu mwenye mikono miwili. Mbele yake kuna sinia la udongo uliotifuliwa. Anachukua nusu mbili za kifuu cha nazi na kuzigonga kwenye udongo kwa mwendo wa farasi aliyechoka, kwa sababu ukurasa uliotangulia ulisema ametoka mbali. Farasi akipita juu ya daraja, vifuu vinahamia kwenye ubao bila kupoteza mdundo hata mmoja. Farasi anasimama: vifuu viwili vya mwisho, polepole, si sawasawa. Mkanda wa ngozi unapindwa karibu na kipaza sauti, hilo ni tandiko likilia mwanamke anaposhuka. Mnyororo unavutwa juu ya chuma, hilo ni geti. Hapo mikono imekwisha kazi na miguu inaanza. Anaingia kwenye boksi la kokoto akiwa amevaa viatu vya kike vyenye kisigino, akikanyaga mahali pamoja, kisigino kwanza halafu ncha, maana mtu anayetembea hatui kwa wayo wote kwa mpigo. Kutoka kokoto anapanda kwenye kreti la mbao: ngazi tatu. Halafu anabisha kwenye ule mlango mdogo, wenye kitasa, komeo na bawaba za kweli, uliosimamishwa kwenye fremu yake katikati ya chumba.

Na muda wote huo anamtazama mwigizaji mwenyewe, anayesimama hatua mbili tatu kutoka hapo akihema kama mtu aliyepanda ngazi. Hatua na pumzi lazima zilingane. Mwigizaji akisema neno la kwanza kabla mguu wa mwisho haujatua, msikilizaji hatajua kilichoharibika, lakini mwanamke yule atakuwa amekufa masikioni mwake. Kitabaki kikundi cha watu wanaosoma karatasi. Hakuna aliyewahi kuandika barua kituoni kusifu hatua zilizotembewa vizuri. Zikitembewa vizuri, hazipo. Yupo mwanamke tu.

Jambo jingine alilolijua fundi huyu ni kwamba kitu halisi mara nyingi husikika vibaya. Moto wa kweli mbele ya kipaza sauti hutoa mvumo usio na sura. Karatasi ya selofani ikifinywa taratibu kiganjani inatoa moto wenye cheche. Mvua ya kweli ni mkwaruzo mtupu. Punje kavu zikimiminwa polepole juu ya bati ni mvua, tena unajua ni mvua ya kwenye paa la nani. Bastola ya kweli ingeirusha sindano nje ya mfereji na kuua kazi ya dakika zote zilizotangulia, kwa hiyo alipiga mto wa ngozi kwa fimbo nyembamba, na mtu akaanguka. Huu ni ujuzi wa kujua sikio linataka nini ili liamini, na ni ujuzi uliopatikana kwa kujaribu vitu vya jikoni na vya stoo, kimoja baada ya kingine, mpaka kikapatikana kinachosema ukweli.

Waigizaji nao walikuwa na elimu yao ya miguu. Vipaza sauti vya utepe vya wakati huo vilisikia mbele na nyuma. Ubavuni vilikuwa viziwi. Kwa hiyo mwigizaji aliyetakiwa kuondoka chumbani hakwenda popote. Aliteleza nusu hatua kuelekea ubavuni huku akiendelea kusema, na kwa msikilizaji akawa ameshafika uani. Karatasi za mswada hazikufungwa pamoja. Ukurasa uliomalizika uliachiwa udondoke wenyewe kwenye zulia, kwa kuwa karatasi inayofunuliwa mbele ya kipaza sauti husikika kama tanga linalopasuka. Walisoma mara moja kwa mazoezi, pengine mara mbili, kisha taa nyekundu ikawaka. Wakimaliza, wengine walikimbia kuvuka mitaa ya Sydney kwenda studio nyingine, ambako saa moja baadaye daktari aligeuka kuwa mhalifu na mke mwaminifu kuwa malkia. Peter Finch alipita katika shule hiyo, akashinda tuzo za Macquarie za uigizaji wa redio kabla ya kwenda London. Rod Taylor, aliyewahi kuwa Tarzan redioni, mwaka 1954 alishinda tuzo ya mwigizaji bora wa redio iliyomfungulia safari ya ng'ambo, akaishia Hollywood. Watu husema waliondoka Sydney na vipaji. Mimi nasema waliondoka na mazoea ya kutokosea.

Siwezi kuacha kutaja kriketi ya 1938, ingawa ilikuwa kazi ya shirika la umma, ABC, na si ya vituo vya biashara. Fundi wa milio alikuwa wa ukoo uleule. Timu ya Australia ilikuwa Uingereza na sauti ya moja kwa moja kwa mawimbi mafupi haikuaminika. Basi simu za maandishi zilitumwa kutoka uwanjani, mpira kwa mpira, kwa maneno ya mkato, zikafika Sydney usiku. Mtangazaji aliyekaa studio alizipokea karatasi hizo na kuzigeuza kuwa mchezo unaoonekana: mpira umerushwa, umepigwa, unakimbizwa. Penseli ikigongwa juu ya kipande cha mbao ilikuwa gongo likikutana na mpira. Makofi ya umma yalikuwa kwenye santuri, ya wastani upande huu, ya kishindo upande ule. Wasikilizaji waliambiwa wazi kwamba wanachokisikia kinatengenezwa studio, nao wakakesha vilevile. Agosti ile, uwanjani The Oval, Mwingereza Len Hutton alikaa kwenye lango zaidi ya saa kumi na tatu akafunga mikimbio 364. Kila pigo lililoizaa liligongwa kwa penseli Sydney, na aliyekuwa akiigonga alilazimika kuamua, kwa neno moja la simu, kama pigo lilikuwa kali au la kusukuma tu.

Kisha vita. Ili kuokoa dola, serikali ilibana uagizaji wa santuri za vipindi kutoka Marekani, na vituo vilivyokuwa vikiishi kwa santuri hizo vikajikuta mikono mitupu. Hapo ndipo ustadi wa nyumbani ulipotanuka. Lux Radio Theatre ilikuwa hewani tangu 1939. Jumapili usiku, mchezo kamili wa saa nzima mbele ya hadhira. Kampuni za sabuni zilikuwa na vikosi vyao vya waigizaji na watayarishaji. Na mwaka 1944, Grace Gibson alifungua kampuni yake mwenyewe.

Mama huyu alizaliwa El Paso, Texas, mwaka 1905. Alikuwa akiuza santuri za vipindi kule Marekani. Uongozi wa 2GB ulivutiwa na uuzaji wake, na mwaka 1934 akaja Sydney kwa kazi ya muda mfupi. Alibaki hadi kifo chake mwaka 1989, isipokuwa miaka michache vita vilipomnasa Marekani. Njia yake ilikuwa kununua miswada badala ya santuri: maneno yalitoka Marekani, sauti zikatoka Sydney. "Dr Paul" na "Portia Faces Life" zikawa sehemu ya asubuhi za nchi nzima kwa maelfu ya vipindi, hadi kuelekea miaka ya 1970. Hata hivyo kazi ninayoiheshimu zaidi kutoka kwake ni "Dossier on Dumetrius" ya 1951, ya vipindi 104, iliyoandikwa na Lindsay Hardy, Mwaustralia. Ni hadithi ya majasusi katika London ya baada ya vita, iliyotengenezwa mwisho wa dunia na watu waliokuwa na ukungu, saa za mtaani na viatu kwenye lami, vyote ndani ya chumba kimoja. Usikilize mwisho wa kila kipindi: hakikatwi kwa kishindo kila mara. Mara nyingine kinakatwa kwa mtu kutambua jambo, na sekunde moja ya ukimya kabla ya muziki. Ukimya nao ulichimbwa na sindano.

Kampuni kama hizi ziliuza mchezo mmoja kwa vituo vingi, na santuri zikasafiri kwa treni na posta kwenda Dubbo, Longreach, Broken Hill. Huko kuna fundi mwingine ambaye historia humsahau kabisa, mtangazaji wa kituo cha mkoani. Alikuwa peke yake, na gramafoni mbili. Santuri ya mchezo iliachiwa nafasi katikati kwa ajili ya tangazo. Alitakiwa kujua nafasi hiyo iko wapi, kuifunika kwa sauti yake mwenyewe akisoma habari ya duka la mtaani kwake, na kunyamaza hasa pale muziki unaporudi. Santuri inayofuata aliiandaa kwa kidole: sindano iko ndani ya mfereji, sahani ya chini inazunguka, na yeye ameizuia santuri juu ya kitambaa cha sufi isizunguke, hadi sekunde ya kuiachia. Akiachia mapema, neno la kwanza linamezwa. Akichelewa, mkoa mzima unasikia utupu. Alifanya hivyo mara nyingi kwa siku, akijibu simu, akiandika kumbukumbu ya matangazo kwa ajili ya ankara, na akitangaza bei za kondoo.

Televisheni ilianza Sydney Septemba 1956 na redio za biashara zikaupoteza usiku. Wafalme wa vipindi vya maswali, Jack Davey mzaliwa wa New Zealand na Bob Dyer wa Tennessee, walijaribu kuhama. Davey alifariki 1959, Dyer akaendelea kwenye skrini. Mjini Melbourne, Hector Crawford na dada yake Dorothy walichukua yale waliyojifunza katika "D24", mchezo wao wa redio kuhusu polisi wa Victoria, wakayapeleka kwenye televisheni, na mwaka 1964 wakatoa "Homicide". Vituo vingi viligeukia muziki wa chati, 2UE kikitangulia mwaka 1958, na masafa ya FM yakafunguliwa kwa biashara mwaka 1980. Hayo ni mambo makubwa kwa mwanahistoria wa fedha. Kwa ninachokifuata hapa, kubwa zaidi lilitokea Aprili 1967, vituo viliporuhusiwa kurusha sauti ya mwananchi aliyepiga simu.

Ruhusa ilikuja na sharti: ucheleweshaji wa sekunde saba, ili tusi au kashfa izuiliwe kabla haijafika hewani. Njia mojawapo ilikuwa kutumia mashine mbili za utepe zilizotenganishwa. Ya kwanza inarekodi, utepe unasafiri wazi hewani, ya pili inasoma. Ukiendesha utepe kwa sentimita 19 kwa sekunde, sekunde saba ni kama sentimita 133 za utepe kati ya mashine na mashine. Katika umbali huo kuna mtu mmoja tu, fundi mitambo, kidole juu ya kitufe. Mgeni wa kizazi cha sindano angemwelewa mara moja. Anasikiliza mazungumzo ambayo nchi bado haijayasikia. Anasikia pumzi ya mpigaji ikibadilika, anasikia jina la mtu likianza kutajwa kwa namna isiyo nzuri, na lazima aamue kama ni hasira halali ya raia au ni kesi mahakamani. Akibonyeza bila sababu, amemnyamazisha mtu mwenye haki ya kusema. Asipobonyeza, kituo kimo hatarini. Na akishabonyeza, sekunde zile saba zimetumika. Sharti ziwekwe upya kabla ya simu inayofuata, na wakati zinajengeka hewani lazima kuwe na kitu. Kwa hiyo mkono wa pili ulikuwa tayari juu ya kitufe kingine, na mara nyingi kilichokuwa kikisubiri hapo, kimeshaandaliwa kwa sekunde kamili, kilikuwa tangazo la sabuni.